Dakika Kumi za Kupasha Injini

Constant alikutwa alfajiri ndani ya teksi yake, mvua ingali ikinyesha, injini ikiunguruma na vioo vyote vimefungwa. Alikuwa ameegemea usukani. Midomo na kucha zake zilikuwa zimeiva wekundu.

"Moshi," daktari alimwambia Inspekta Viviane. "Damu yake imejaa sumu ya moshi."

Gari lilikuwa uani kwa Papa Kamate, fundi mkongwe wa mtaa wa Mudzipela, mjini Bunia, aliyekuwa akitengeneza jipu la polisi tangu Viviane alipoanza kazi. Mungu anajua, asubuhi ile angependa kumhoji mtu mwingine yeyote. Lakini kazi ni kazi.

"Papa Kamate, kwa nini alilala garini?"

"Jana aliniletea Prudence, mutoto yangu, na bajukuu, toka Bule. Nyumba ikajaa. Akasema atalala mu gari, motor ikiwaka juu ya baridi."

"Na gari lilikuwa zima?"

"Jana, mbele ya kutoka hapa, nilipima sonda, ile ya bomba ya moshi. Ilikuwa muzuri."

Akatoa kadi ya garaji. Iliandikwa tarehe ya jana: sonda, volti 0,45, muzuri.

Viviane alimwita Katsuva, mtaalamu wa magari wa polisi. Milango yote ikafunguliwa, injini ikapashwa moto dakika kumi. Kisha Katsuva akaunganisha kipimo kwenye waya wa sonda, kihisi cha oksijeni kilichopachikwa kwenye bomba la moshi.

"Angalia, mama inspekta. Sonda nzima haitulie. Inapanda, inashuka. Hii imekwama kwa zero nukta moja. Inadanganya kompyuta kama esansi iko kidogo, kompyuta inaongeza petroli, moshi inakuwa sumu. Na bomba iko na tundu chini ya kiti: gari ikitembea, upepo inapeleka moshi; ikisimama, inaingia ndani."

"Na hii 0,45?"

"Hiyo njo namba ya motor ya baridi. Motor ikiwa baridi, hata sonda ya kufa inaonyesha hivyo."

Viviane akageuza ufunguo. Taa ya onyo haikuwaka. Katsuva akafungua dashibodi: balbu haikuwepo. Viviane aliikuta ndani ya kopo la skrubu, juu ya meza ya Kamate. Uongo wa fundi huyu haukuwa na hata maficho ya maana.

"Papa, balbu ilitolewa na nani?"

Mzee alikaa juu ya tairi. Mikono yake, iliyofungua injini za nusu ya Bunia, haikujua pa kujiweka.

"Ni miye. Ile taa ilikuwa inawaka. Constant akasema, 'Papa, pima kwanza, nisiende na gari mugonjwa.' Motor ilikuwa baridi. Kupasha, dakika kumi. Na Prudence alikuwa amepiga simu mara tatu: batu banakimbia vita, papa, tuma gari. Nikapima vile vile, nikaandika, nikatoa balbu asiogope. Nikamuambia, 'Kwenda, mutoto yangu.'"

"Na aliporudi? Mbona hukumwambia?"

"Nilisikia haya, mama. Alinishika mukono, akasema, 'Aksanti papa, gari imetembea muzuri.' Nitamuambia nini, miye fundi? Nikasema, kesho nitaitengeneza."

Viviane alitamani kesho hiyo ingekuwapo. Alitoa pingu, akazirudisha mfukoni.

Prudence alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Alikuwa amesikia yote.

"Papa," alisema, "nyuma ya zile simu tatu nilipiga ya ine, hukupokea. Nilitaka nikuambie tumefika kanisani, kuko askari, kuko chakula. Tulikaa pale mpaka gari ikafika saa saba, batoto banacheza."

Prudence alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Dakika kumi, papa. Tungengoja."

Kamate aliinuka, akafungua mlango wa teksi, akaichukua kofia ya Constant kwenye kiti na kuipangusa vumbi kwa shati lake. Akampa Viviane. Kisha akatangulia mwenyewe kwenda kwenye jipu, lile alilolitengeneza wiki iliyopita.