Sanda ya Bi Zulaikha na Sosi ya Tango

"Nani amefungua sanduku langu?"

Sauti ilitoka chumbani. Firdaus aliacha kukuna tango. Mbele yake kifurushi cha bafta nyeupe kilining'inia bombani, kikidondosha maji ya mtindi ndani ya sinki. Ile bafta alikuwa ameikata kwa mkasi asubuhi, kutoka sanduku hilo hilo.

Bi Zulaikha, mama wa mchumba wake Mansur, alikuwa katika siku ya tisa tangu atoke hospitali, naye hali chochote. Daktari alisema ugonjwa umekwisha, kilichobaki ni chakula. Yeye akajibu kwamba nikaha yao ya Ijumaa isogezwe mpaka azikwe. Ndipo Firdaus, mpishi wa mkahawa mmoja wa Naguru, akaja kumtengenezea sosi ya Kigiriki ya mtindi na tango. Alinunua bongo, yaani mtindi wa dukani usio na sukari, akakosa tu kitambaa cha kuchujia.

Mama akajikongoja hadi jikoni.

"Ya Rabi! Hiyo si sanda yangu?"

"Sanda, mama?"

"Nimeinunua mwenyewe Makka, nikaifua kwa maji ya Zamzam! Na wewe unaning'inizia maziwa?"

Firdaus alitamani ardhi immeze. Kwenye simu yake ulikuwapo ujumbe wa Mansur: "Kwa sanduku la mama kuna kitambaa cheupe, kata tu. Amelala, usimwamshe." Angeweza kuuonyesha. Hakuuonyesha. Alitoka uani, akampigia Mansur dukani kwake Kansanga.

"Mansur, ile bafta ni sanda ya mama."

"Banange! Mimi nilidhani ni baki la mapazia. Umemwambia nani alikutuma?"

"Bado."

"Basi sema umekosea. Wewe mgeni, atakusamehe. Mimi atanilaani."

"Mgeni? Ijumaa unanioa, leo mimi mgeni?"

"Firdaus, mukwano, mpenzi wangu, sikiliza..."

"Sikiliza wewe. Kama kitambaa tu kinakushinda, siku ya jambo kubwa utasimama na nani? Njoo useme mwenyewe. La sivyo, pete utaikuta juu ya friji."

Akakata simu, akavua pete, akaiweka kweli.

Mansur si mtu mbaya, jamani. Ila mbele ya mama yake huwa anayeyuka kama samli.

Firdaus alikuwa na hasira, lakini alichokianza hukimaliza. Alikamua tango alilolitia chumvi mpaka likatoa maji yote, akalichanganya na ule mtindi uliokuwa mzito sasa. Akaongeza kitunguu saumu, ndimu, mafuta ya zeituni na nanaa, akaweka bakuli mezani pamoja na chapati. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni, amenuna, anamtazama.

Bodaboda ikasimama nje. Mansur aliingia anahema, akaiona pete juu ya friji, akapiga magoti.

"Mama, nilimtuma mimi. Nilimwandikia akate. Firdaus hana kosa. Kama ni kulaani, nilaani mimi."



"Na wewe," mama akamgeukia Firdaus, "kwa nini hukusema?"

"Nilitaka aseme yeye, mama."

Bi Zulaikha akaitazama pete, akamtazama mwanawe, halafu akalivuta bakuli.

"Haya maziwa yenyewe yana nini, mpaka yakachujwa kwa sanda yangu?"

Akamega chapati, akachovya. Akachovya tena. Kipande cha tatu, cha nne, chapati ikaisha.

"Sanda ya mwanamke ni nguo tano," akasema huku anatafuna. "Mnataka nizikwe na nne na nusu?"

"Nitakununulia nyingine, mama," Mansur akadakia. "Leo leo!"

"Kale, sawa, nunua. Lakini usikimbie, sina haraka."

Akafuta bakuli kwa kidole, akakunja uso.

"Chumvi haijakolea."

Mansur akaangua kilio hapo hapo sakafuni. Siku tisa mama yake hakuwa amekilalamikia chakula chochote, alikuwa anageukia ukuta tu. Firdaus naye akajikuta anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mnalia nini? Ijumaa wageni watakula sosi hii, na mimi nitakuwepo. Nionjesheni tena, ikolee."

Firdaus akaenda kwenye friji, akaivaa pete yake, kisha akarudi na chumvi.