Nimekwama Hatua ya Nne

“Hongera.”

Fundi aliondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Alidhani hakusikia vizuri.

“Nakwambia mpima ardhi anataka kunioa. Leo jioni anakwenda kwa shangazi kuchukua jibu. Na wewe unaniambia hongera?”

“Ulitaka nisemeje?” aliuliza mpenzi wake, macho kwenye vipande vya satini vilivyotapakaa sakafuni. Watu walimwita Kimya, na aliyempa jina hilo hakumwonea.

“Useme chochote, jamani. Ukasirike. Uvunje hata kiti.”

“Hongera ni neno lako. Mimi nakurudishia tu.”

Akachukua mkoba wake wa kompyuta, akatoka. Fundi alibaki na mkasi mkononi, hasira zimempanda. Mwanaume gani huyu? Amemsubiri mpaka amechoka. Wateja aliowashonea magauni ya harusi wamesharudi kushonesha ya ujauzito, na yeye hata neno la uchumba hajalisikia.

Kwa maoni yake, mkosi wote ulianzia kwenye ule mchezo. Kimya alikuwa mtengenezaji wa michezo ya simu, na mmoja aliuita Gusana. Kwenye kioo kuna vijipira viwili, chekundu na cheupe. Unachora mstari kwa kidole. Ukiinua kidole tu, mstari unapata uzito, unaanguka, unasukuma kijipira kimoja kikakutane na mwenzake. Vikigusana, umevuka hatua. Basi. Kitu chepesi hivyo kikaenea mtandaoni, watu wakakicheza kwenye foleni za benki na misalani. Kimya akapendwa na watu asiowajua, huku mchumba mtarajiwa akimpata kwa nadra.

Fundi alipewa nakala yake peke yake, Kimya mwenyewe ndiye aliyemwekea kwenye simu. Lakini mkono uliozoea kukata satini bila chaki ulishindwa kuchora kijiti cha kusukuma mpira. Mstari ulianguka chali, kijipira kikatumbukia shimoni. Na kila siku Kimya anauliza, “Umefika wapi?” Mwisho, kwa kuchoka na kwa kumwonea huruma, alimdanganya.

Sasa alifungua simu, akautafuta ujumbe ule wa zamani.

“Nimemaliza wote. Mzuri sana.”

“Umefika mwisho kabisa?”

“Mwisho kabisa.”

“Na huna la kuniambia?”

“Hongera kwa kazi nzuri.”

Hapo ndipo Kimya alipoacha kuandika. Fundi aliusoma tena, safari hii polepole. Akampigia.

“Mwisho wa ule mchezo kuna nini?”

“Unaniuliza mimi? Si ulifika?”

“Sikufika.”

“Uliniandikia umefika.”

“Nilidanganya. Nimekwama hatua ya nne.”

Upande wa pili zilisikika honi za magari.

“Ya nne? Ile yenye kashimo?”

“Hiyo hiyo.”

“Ile watoto wanaivuka huku wanalia.”

“Usinianze. Kuna nini mwisho?”

“Naja.”

Alirudi anahema, akanyoosha mkono.

“Lete simu nikuvushe.”

Fundi aliitumbukiza kwenye droo ya vifungo, akaisukuma droo kwa goti.

“Leo hakuna kuchora. Utasema kwa mdomo.”

“Kwenye nakala yako, hatua ya mwisho, vijipira vikigusana yanatokea maneno.”

“Maneno gani?”

Kimya alitazama mlango, akatazama dari, na Fundi hakumsaidia.

“Naomba nikuoe.”

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. Alitaka kulia na alitaka kumchapa kwa rula ya mbao, akashindwa aanze na lipi.

“Maneno mawili,” alisema. “Maneno mawili umeyafukia chini ya mashimo yote yale?”

“Nilikurahisishia. Mashimo ya kwako ni madogo.”

“Madogo haya haya yaliyonimeza? Na ulipoona sijajibu, mdomo ulikuwa umeshonwa?”

“Nilijua umenikataa kwa heshima. Ningekung'ang'ania?”

“Ungening'ang'ania, ndiyo. Hata kidogo. Mimi nakaa hapa nashona harusi za wenzangu, najiuliza nina kasoro gani, kumbe nimeposwa, posa yenyewe ipo kwenye simu mfukoni mwangu.”

“Na mimi je? Ulisema umefika mwisho. Nililala na ile hongera yako kifuani miezi yote hii.”

Fundi aliinamisha kichwa.

“Uongo wangu umeniponza,” alisema. “Nilitaka ufurahi.”

“Nilifurahi sana,” alijibu Kimya kwa uchungu, na kwa mara ya kwanza siku ile wote wawili wakacheka, ingawa hasira zilikuwa bado zimekaa palepale.

Droo ikatetemeka. Fundi alitoa simu kati ya vifungo. Ni ujumbe wa shangazi.

“Mwanangu, mgeni ameshakaa. Nimwambie nini?”

Kimya alisogea, akasimama nyuma ya bega lake. Fundi akaandika, na hakuificha simu.

“Niachie, nitampigia mwenyewe nimwombe radhi. Mimi nimeshaposwa, Shangazi.”

“Umeposwa? Na nani? Tangu lini?”

“Tangu zamani. Habari zimenifikia leo.”