Tambi Nyeusi na Kopo la Kumbikumbi

Maji ya samaki yakikuingia kwenye kiatu cheupe, utanuka nayo mpaka jioni. Ndivyo Mombasa ilivyompokea Nasipwondi. Ilikuwa Agosti 1995, siku ya pili ya likizo yake, naye anajipenyeza kwenye soko la samaki la Mji wa Kale na gauni lake la maua, mabega yametuna kwa fasheni ya wakati ule. Mchuuzi akamwaga ndoo bila kutazama. Nesi wa watu kutoka Bungoma akabaki amesimama, pua kaikunja, karibu atapike.

Kijana mmoja akainama bila kuombwa, akatoa leso ya mfukoni iliyopigwa pasi, akamfuta kiatu.

"Pole, dada. Mji wetu hupenda kukaribisha wageni."

"Basi mna ukarimu unaonuka."

"Mimi ni Ngowa. Hiyo leso siifui mpaka uniambie jina lako."

"Usipoifua, usinikaribie."

Akacheka, naye akacheka, na mambo yakaanzia hapo.

Ngowa alikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Mrefu, shati la hariri, suruali ya marinda, na mdomo mtamu kupita kiasi. Nasipwondi alikuwa amefikia kwa dada yake Trizah kule Mbaraki, na kwa wiki mbili simu ya Trizah haikupumzika.

"Umeamka, asali?"

"Ngowa, ni saa sita mchana."

"Huku ofisini hakujakucha mpaka nisikie sauti yako."

Maneno hayo mimi yananichefua. Lakini Nasipwondi alikuwa ameshapenda, akawa anayasikiliza huku amekumbatia mkonga wa simu.

Tena hakuwa anacheza. Mkobani mwake mlikuwa na fomu ya kuomba uhamisho aje kufanya kazi Mombasa. Alishaijaza yote, bado sahihi tu, na mwisho wa kuipeleka kwenye ofisi ya afya ya mkoa pale Mombasa ulikuwa Jumanne, siku aliyokatia tikiti ya basi kurudi kwao. Kabla ya kutia sahihi alitaka kujua jambo moja. Mamake alimfungia kopo la kumbikumbi, aliowakusanya mwenyewe baada ya mvua, akawatoa mabawa na kuwakaanga kwa chumvi. Alimwambia, "Ukimpata mwanamume huko, mpe hiki. Akila chetu, mlete nimwone."

Nasipwondi akampa Ngowa kopo. Kesho yake akauliza kwa simu, "Umekula?"

"Nimemaliza, mpenzi. Nimelamba mpaka kopo."

Jumapili adhuhuri Ngowa akampeleka kwenye mkahawa wa Bi Renata, Mwitaliano mmoja mnene aliyefungua mahali padogo kwenye kichochoro cha Mji wa Kale: meza sita, vitambaa vya miraba myekundu, mshumaa kwenye chupa japo jua lilikuwa linachoma nje. Ngowa hakuelewa hata neno moja la orodha ya vyakula. Akaonyesha kwa kidole, kwa madaha, kama mtu aliyezaliwa Roma.

Chakula kilipokuja, Nasipwondi alikitazama muda mrefu. Zilikuwa tambi, lakini nyeusi tititi, zinateleza, zinanuka pwani maji yakiwa yamekupwa.

"Ngowa, hizi zimeungua?"

"Hazijaungua, asali. Ni wino wa ngisi. Wazungu wanapanda ndege kuja kula hivi."

Juu yake Bi Renata mwenyewe akaja kukuna jibini, jibini yenye harufu ya soksi za askari wa zamu. Nasipwondi akaweka uma chini. Lakini akamkumbuka mamake na lile kopo. Kama huyu ameweza kula chetu, mimi nani nishindwe na chake? Akazungusha uma, akafumba macho, akameza. Akameza tena. Mara nne, na machozi yanamlengalenga.

Kisha wakaletwa kamba wazima, na vichwa vyao, na masharubu, na macho yanatazama.

"Hapo nimefika," alisema, akisukuma sahani. "Mdudu mwenye macho siwezi."

Mhudumu aliyewaleta aliitwa Chengo, jirani wa Ngowa kule Tononoka, na hakuwa na nia mbaya. "Mdudu gani, shemeji? Hawa ni kamba. Wadudu ni wale wa kwenye kopo, Ngowa aliowatupia kuku wa mama mwenye nyumba. Waliwagombania mpaka wakatoana manyoya."

Ngowa alitazama mshumaa.

"Ni kweli?" Nasipwondi aliuliza.

"Nasi, nilidhani... Nilifungua, nikaona miguu. Niliona kinyaa."

Na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Nyanya yake huko kijijini Kaloleni angewala na kulamba vidole, lakini yeye kwa kuwa kazaliwa mjini, Tononoka, anajiona wa hali ya juu.

"Kinyaa si kosa," Nasipwondi alisema, sauti imeshuka. "Mimi nimekula wino kwa ajili yako, huku nataka kutapika. Wewe ulishindwa hata kuniambia ukweli."

Meno yake yote yalikuwa meusi. Ngowa, mjinga yule, akatabasamu. Basi Nasipwondi akachukua mkoba wake, akatoka, akatembea mpaka Mbaraki na meno yale, watu wakimgeukia njiani.

Kesho yake Ngowa alipiga simu mara tisa. Ya tisa Trizah akaipokea.

"Yuko wapi?"

"Anasukutua."

"Tangu jana?"

"Na hajamaliza." Akakata.

Jumanne saa tisa alasiri, basi lilikuwa linanguruma Mwembe Tayari, Nasipwondi amekaa dirishani. Ngowa akatokea mbio, shati limeroa jasho, kipakiti cha gazeti mkononi. Asubuhi nzima alizunguka bandarini akiwauliza watu wa Bungoma, mpaka kuli mmoja, Dishon, akampa kumbikumbi aliotumiwa kutoka nyumbani.

Akafungua gazeti chini ya dirisha, akajaza mdomo. Akatafuna. Uso ukamkunjamana, macho yakatoka maji, akaziba mdomo kwa mkono, akameza.

"Watamu?" Nasipwondi aliuliza.

"Wabaya. Wabaya sana, Nasi. Wananichoma koo kwa miguu. Lakini sitakudanganya tena." Akajaza tena mdomo.

Nasipwondi alishuka. "Geuka," akamwambia. Akaiweka fomu juu ya mgongo wake uliolowa, akatia sahihi.

"Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Ipeleke."

Akapanda tena. Basi lilipoanza kuondoka, alitoa kichwa dirishani. "Ngowa, sukutua kwanza. Una mguu jinoni."

Ngowa hakusukutua. Alishakimbia.