Lugha ya Ngome ya Miiba

Zama zile mashamba ya mtama ya pwani yalipolimwa na watu waliotekwa bara, Mwinyi Shamte alikuwa na amri moja: katika mstari wa jembe, Myao asisimame karibu na Myao, wala Mmakua na Mmakua. Wasielewane, wasije wakala njama.

Hamsini wakatoroka hata hivyo, wakajenga ngome msituni na kuizungushia miiba.

Mwaka wa kumi na mbili Shamte akawafuata na magobori mia, kilemba cha hariri kichwani, jambia kiunoni. Akamtanguliza mtumwa wake Kalanje, Myao aliyejua lugha zote nne za mashamba yale.

"Niletee mpango wao," alimwambia, "na jioni hii wewe ni mwungwana, si mtumwa tena."

Kalanje akatambaa hadi kwenye miiba. Ndani walinzi walikuwa wakipaziana amri. Akatega sikio, jasho likamtoka.

"Wanasemaje?" Shamte aliuliza aliporudi.

"Sijui, bwana."

"Hujui! Kiyao cha mamako kimekupotea?"

"Neno moja la Kiyao, bwana, la pili la Kimakua, la tatu la huku pwani. Kisha yanakwenda mbio pamoja, kama yamezaliwa tumbo moja."

Lango likafunguka. Akatoka mwanamke wa kaniki akiinua tawi la amani, na binti wa miaka kumi ubavuni. Kalanje akamtambua. Alikuwa Achisa, dada yake mtoro.

Achisa akamwonyesha binti mjomba wake; binti akamwamkia, Kalanje asimwelewe, naye akasema jambo upesi.

"Anasemaje?" Kalanje aliuliza kwa Kiyao.

"Anashangaa mjomba mzima hajui kusema."

"Mfundishe Kiyao, basi!"

"Baba yake Mmakua. Hii ndiyo lugha yake, hana nyingine. Hata mimi hunicheka nikiisema." Akamgeukia Shamte. "Na wewe, bwana, ulinipanga miaka minne kati ya Mmakua na Mzigua. Ulidhani tutalima kimya?"

 Shamte akafoka, "Pigeni!"

Binti akapiga ukelele wa neno moja. Mishale ikatoka vichakani, nyuma ya jeshi. Mpango ule ndio walinzi walioupaza asubuhi, masikioni mwa Kalanje!

Kalanje akakimbia nyuma ya Achisa na binti, akapenya lango kabla halijafungwa. Uungwana alioahidiwa jioni akaupata adhuhuri.

Ngome ile leo ni magugu, na kaburi la Shamte hakuna alijuaye. Kalanje, mjuzi wa lugha nne, alikufa mzee akiisema ya tano, watoto wakimcheka matamshi.