Makopo Manne ya Kitanda

Sisimizi waliipita sukari. Bi Kioo alikuwa amemwaga kijiko kizima sakafuni, na kabla hajashika ufagio akawaona wakitokea chini ya dirisha, mstari mwembamba, wakaizunguka sukari kama watu wanaokwepa dimbwi, wakaelekea chumba cha nyuma. Humo hamkuwa na mtu. Mama mkwe wake alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita.

Jina la Bi Kioo alipewa na wateja. Alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni kwake, na sakafu yake iling'aa hata ungeweza kujichokoa meno ukijitazama humo. Leo sisimizi, tena kwake! Alipaka siki, akamwaga majivu, akaziba nyufa kwa sabuni. Wapi! Walipita tu.

Kisha adhuhuri moja, nyumba ikiwa kimya, kopo likagongwa chumba cha nyuma: ngo, ngo, ngo. Ikafuata harufu ya mafuta ya taa. Mguu wa Bi Kioo ulikufa ganzi juu ya kanyagio la cherehani, maana mlio ule aliujua.

Mama mkwe aliugua kisukari, akawa hawezi kunyanyuka, na shuka lake lililolowa mkojo wenye sukari likaita sisimizi. Bi Kioo akatia kila mguu wa kitanda ndani ya kopo la maji, kama watu wanavyofanyia kabati la chakula. Bibi akitaka kitu aligonga kopo kwa bakora. Siku walipokuja wateja wa nguo za harusi, watu na heshima zao, Bi Kioo aliona sisimizi wakitoka chumbani kuelekea viatu vya wageni, na harufu ya shuka ambalo hakulibadilisha siku mbili ikiwafuata, aibu ikamchoma, akafunga mlango, akaziba chini kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, na kopo lilipogongwa akakanyaga cherehani kwa nguvu wasisikie, likagongwa tena, akakanyaga tena huku akicheka na wageni, mpaka walipoaga alasiri, na kopo limenyamaza zamani.

Mumewe, dereva wa lori, aliambiwa mama amefia usingizini. Akamshika mkewe mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumuuguza. Tangu hapo Bi Kioo hakuweza kumtazama usoni.

Sisimizi walipofika kitandani kwao, mume alimleta mganga. Mganga akavua viatu, akatega sikio mlangoni.

"Humu mna jini," alinong'ona. "Aliingia siku mlango huu ulipozibwa. Aliyeziba aseme kwa nini, mbele ya mwenye mama yake. Akisema kweli, jini atatoka."

"Mke wangu, ni wewe uliyekuwepo," mume alisema taratibu. "Sema tu, usiogope."

Bi Kioo alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Akaona macho ya mumewe yanavyomwamini, akalimeza.

"Nilimzibia... sisimizi wasimng'ate mama."

Mume akafuta machozi. "Umesikia, mganga? Mungu amlipe."

"Nimesikia," mganga alijibu, akafunga mkoba wake. Hata maji hakunywa.

Asubuhi Bi Kioo aliamka na homa kali. Miguu ilikuwa haimbebi, na ulimi umevimba, umejaa kinywa. Mume alimhamishia chumba cha nyuma, kwenye ubaridi, akajaza maji makopo manne.

"Dada atakuja jioni kukuangalia," alimwambia. "Nami nakuzibia mlango, kama ulivyomzibia mama."

Bi Kioo alitikisa kichwa, akatikisa tena, akatoa mlio usio neno. Mume alimpapasa paji la uso. Mlango ukafungwa, kitambaa kikasukumwa chini, harufu ya mafuta ya taa ikajaa chumba, na lori likanguruma likaondoka.

Ndipo akahisi wanatembea. Hawakutokea mlangoni, walitoka ndani ya godoro, chini ya mgongo wake, wakipanda ubavuni, shingoni, wakielekea mdomoni, mmoja nyuma ya mwenziwe, bila haraka. Akapapasa ukutani, akaipata bakora ya bibi, akagonga kopo kwa nguvu zote zilizobaki. Ngo, ngo, ngo.

Sebuleni, mahali pasipokuwa na mtu, cherehani ikaanza kukanyagwa. Akagonga tena. Ikakanyagwa kwa nguvu zaidi.