Uongo Katika Daftari la Banjo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tamsin Doolan alikuwa na kazi tatu: kuvunja barafu iliyoganda kwenye bakuli la maji, kumpa Banjo chakula chake, na kumzungusha uwanjani mara nne akiwa amefungwa kamba. Ilikuwa Agosti, na mjini Dubbo, Australia, kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Banjo hakujali. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, na mkia wake uligonga kila kitu: ndoo, mlango, hata magoti ya watu.

Jioni kulikuwa na kazi ya nne, kuandika daftari. Banjo hakuwa mbwa wa Tamsin. Alikuwa wa kituo cha kuokoa wanyama, na Tamsin na mama yake walikuwa wakimlea kwa muda tu, mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Kila mbwa wa kituo alikuja na daftari lake la kijani. Mlezi aliandika humo mbwa amekula nini, anampenda nani, anaogopa nini, na ana tabia gani mbaya. Aliyetaka kumchukua alisoma daftari kwanza, ndipo akamtazama mbwa. Bi Raelene, msimamizi wa kituo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikuwa na neno moja kwa walezi wote: "Daftari likisema uongo, mimi nimesema uongo."

Banjo alipoletwa mwezi wa sita alikuwa mifupa mitupu. Watu fulani walihama nyumba wakamwacha amefungwa kwenye nguzo bila tone la maji. Hebu fikiria! Mtu anakumbuka kupakia viti na televisheni, mbwa anamwacha afe kwa kiu. Tamsin alipoisikia habari hiyo alipiga ukuta teke, na hasira ile haikumtoka tena. Kwa wiki tisa alimlisha Banjo kwa mkono wake, alimwosha, alimfundisha kutoogopa mlango ukifungwa. Kisha Jumapili moja, wakati wa chakula cha jioni, simu ikalia.

"Nina habari njema!" Sauti ya Bi Raelene ilisikika jikoni kote. "Mzee Kerslake anamtaka Banjo! Atakuja Jumatano kusoma daftari."

Tamsin alibwaga kijiko mezani. "Amtafute mbwa mwingine."

"Tamsin," mama yake alimwonya, akaagana na Bi Raelene na kukata simu.

"Kwani sisi ni hoteli ya mbwa? Pepper tulimlea, akachukuliwa. Duke tulimlea, akachukuliwa. Sasa Banjo! Huyo mzee alimlisha lini?"

"Ulijua tangu mwanzo kwamba hatakaa."

"Nilijua, na ndiyo maana nakasirika!"

Mama alikuwa ameshinda kazini hospitalini tangu alfajiri, na hakuwa na nguvu za kubishana. "Hata ukivimba upasuke, Jumatano iko palepale," alisema, akaenda kulala.

Tamsin alibaki mezani na daftari. Kila mtu alimjua Mzee Kerslake. Alikuwa na kondoo elfu mbili, na shamba lake lilianzia ng'ambo ya barabara iliyopita nyuma ya nyumba yao. Katika nchi ya kondoo, mbwa anayefukuza kondoo hana rafiki. Tamsin alilijua hilo tangu akiwa mdogo kabisa. Akashika kalamu, akaandika:

"Jumapili. Leo Banjo aliruka seng'enge akaenda kufukuza kondoo. Aliporudi alikuwa na sufu mdomoni."

Hiyo sufu aliiongeza ili uongo ukolee. Alisoma mara mbili, akatabasamu. Mzee akiyaona hayo atageuza pikapu lake arudi zake, na Banjo atabaki. Hapo ndipo akili ya Tamsin ilipokomea. Nani mwingine angeyasoma maneno yale, na angefanya nini baada ya kuyasoma, hakujiuliza.

Jumatano aliporudi kutoka shule, pikapu la Mzee Kerslake lilikuwa mlangoni. Mzee mwenyewe alisimama barazani, daftari mkononi, shingo imemwiva kwa hasira. Bi Raelene alikuwa kando yake.

"Wanakondoo kumi na mmoja!" Mzee alifoka. "Usiku wa kuamkia jana! Wamechanwa matumbo, wengine nimewakuta bado wanapumua. Siku mbili nazunguka namtafuta mbwa aliyefanya hivyo, kumbe yuko hapa! Na mimi mjinga nimekuja kumchukua nimpeleke kwa mke wangu!"

Tamsin alilitazama daftari mkononi mwa Mzee.

"Banjo alitoka?" mama akauliza, uso umempauka. "Tamsin, mbona hukuniambia?"

Kukiri mbele ya watu wote wale? Tamsin aliona aibu, akanyamaza. Na huku amenyamaza, Mzee alikuwa ameshapiga simu. Haikupita nusu saa, gari la halmashauri likafika, na afisa wa wanyama akashuka na fimbo yenye kitanzi. Alisoma ukurasa ule, akatikisa kichwa.

"Mbwa aliyeua mifugo hapewi mtu tena," alisema taratibu. "Ijumaa atachomwa sindano. Hataumia."

Akafungua mlango wa nyuma wa gari. Kitanzi hakikuhitajika. Banjo alipenda magari kupita kiasi. Alipouona mlango uko wazi alikimbia, akaruka ndani mwenyewe, akageuka na kuketi. Akamtazama Tamsin huku mkia ukigonga bati, akimngoja naye apande.

"Nimedanganya!" Tamsin alipiga kelele. "Hakuruka seng'enge! Hakufukuza kondoo! Hata sufu nimeitunga mimi! Nilitaka asichukuliwe!"

Hapo hasira za watu watatu zikamshukia kwa pamoja.

"Wewe mtoto!" Mama alimshika bega. "Una wazimu? Unamwona mbwa anapelekwa kufa, na wewe umesimama tu unatazama?"

"Kwenye daftari langu!" Bi Raelene alinguruma. "Miaka kumi na minne watu wanaliamini!"

Mzee Kerslake hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jumapili ulidanganya ili abaki," alisema. "Leo nitajuaje kwamba hudanganyi ili apone?"

"Jumatatu usiku alilala kitandani kwangu. Kweli tupu!"

"Nani alimwona?"

Tamsin alimgeukia mama yake. Macho yalimsihi.

"Mimi nililala saa tatu," mama alisema kwa uchungu. "Siwezi kuapia nisichokiona."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Tamsin iliishia pale barazani. Alikuwa akisema kweli kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini.

"Basi mpelekeni kwa kondoo," alisema akilia. "Mtaona wenyewe."

Mzee alimtazama mbwa. Alikuwa ameishi na mbwa na kondoo kwa miaka sitini. "Mbwa aliyeonja damu hajifichi mbele ya kondoo," alisema. "Haya. Twende tukamwone."

Malishoni, afisa alishika kamba ndefu akamwacha Banjo atangulie. Kondoo walikusanyika. Kondoo jike mmoja, mwanawe amejificha nyuma yake, alitoka mbele akapiga mguu chini: pu! Banjo aliruka kana kwamba amekanyaga moto. Alirudi mbio, akajipenyeza katikati ya miguu ya Tamsin, mkia ameubana tumboni, akajikojolea.

Hakuna aliyecheka. Mzee Kerslake alivua kofia, akajipiga nayo pajani.

"Huyu ndiye muuaji wangu?" alisema kwa hasira. "Huyu hata kuku atamkimbiza! Na mimi nimepoteza mchana mzima kwa ajili yake, wakati wauaji wa kweli wako huko porini wanacheka!"

Hata hivyo afisa alisema sheria haitosheki na mbwa mwoga. Banjo alikwenda korokoroni mwa halmashauri kungoja uchunguzi. Siku mbili hizo Tamsin hakuweza kula. Alikuwa amezoea kuwakasirikia watu wote: waliomtupa Banjo, waliotaka kumchukua, mama, Bi Raelene. Sasa alitafuta wa kumkasirikia, akajikuta yuko peke yake. Wale waliomfunga Banjo kwenye nguzo walimwacha afe. Na yeye je, pale barazani, alipokuwa amefunga mdomo?

Ijumaa asubuhi mbwa wawili wa porini walinaswa mtegoni karibu na mto, midomo yao imejaa sufu ya kweli. Banjo akaachiliwa.

Jumamosi Mzee Kerslake alirudi. Tamsin alikuwa na hakika kwamba amekuja kugomba, akajitayarisha.

"Bado namtaka," Mzee alisema.

"Lakini anaogopa kondoo," mama akashangaa.

"Mbwa wa kazi ninao saba. Mke wangu Dot hajaweza kutembea tangu Aprili, na mimi nashinda malishoni. Anataka kiumbe cha kumlalia miguuni tu." Akamgeukia Tamsin. "Hukuniuliza namtakia nini. Ungeuliza, ningekuambia."

Tamsin aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Mzee Kerslake."

"Nitakusamehe ukiandika ukweli."

Bi Raelene aliuchana ukurasa wa uongo, akamwekea Tamsin daftari mbele. Tamsin akaandika: "Banjo hajawahi kutoroka. Anaogopa kondoo, radi, na mashine ya kufagia zulia. Mlango ukifungwa, mwite jina. Usiku analala vizuri mtu akimwekea mkono mgongoni." Machozi yalilowesha neno la mwisho, lakini lilisomeka. Mzee alisoma yote, akalitia daftari mfukoni, akafungua mlango wa pikapu. Banjo aliruka ndani.

Pikapu lilipopotea, Bi Raelene aliketi kwenye ngazi karibu na Tamsin.

"Nisikilize, mwanangu. Kukasirika si kosa. Mimi nikimwona mbwa aliyeachwa kwenye nguzo, siku nzima siongei na mtu. Lakini wahenga walisema hasira ni hasara. Ungeniletea mimi hasira yako, ningeisikiliza. Wewe uliipa kalamu ikaandika uongo, na uongo haukai pale ulipouweka. Ulitaka umzuie mzee mmoja, nusura umuue mbwa unayempenda. Siku nyingine ukiumia, sema umeumia. Ukweli mchungu tutaumeza pamoja."

"Siku nyingine utanipa mbwa?"

"Jumatatu naleta jike na watoto wanne. Nyumba yenu ni nzuri na mikono yako ni mizuri." Bi Raelene alichomoa daftari jipya la kijani kwenye mkoba, akampita Tamsin nalo, akampa mama yake. "Ila kalamu atashika mama. Wewe utamwambia ulichokiona, naye ataandika atakachokuwa na hakika nacho. Siku nitakayokuamini tena nitakurudishia. Si kesho."

Tamsin aliinuka, akalichukua bakuli la Banjo, akaenda bombani kulisafisha, liwe tayari Jumatatu.