Kadi ya Kufunga Ujumbe

Mwaka 1998 Naisiae alikuwa darasa la sita katika kijiji kimoja cha milima ya Upare. Kila alasiri alitoka shuleni peke yake, akapitia zahanati kumsaidia Nesi Hedwiga kufagia. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wa baba yake huko tambarare, ndipo nesi akamchukua amsomeshe. Wenzake walipiga soga kwa Kipare na kucheka, naye akabaki kutabasamu tu bila kuelewa. Upweke ulimuuma kweli.

Ndani ya redio ya mawasiliano ya zahanati mlikuwa na kompyuta ndogo iliyopokea ujumbe kutoka hospitalini na kuuchapa kwenye karatasi. Siku moja Naisiae alisoma karatasi moja: Mzee Elifasi ana kifua kikuu. Kesho yake akamnong'oneza Rahabu wa darasani kwake. Basi! Wasichana wakamzunguka, wakamwita shoga yao. Hakuwahi kufurahi vile.

Siri ikaenea. Watu waliacha kununua maziwa ya Mzee Elifasi, naye kwa aibu na hasira akaacha kufuata dawa.

Siku fundi wa redio Zefania alipopanda kutoka Same, alisema, "Nesi, fedha ya kamati ya zahanati inatosha kitu kimoja. Kuna kadi ya kufunga ujumbe, ukinaswa njiani usisomeke. Au prosesa, ubongo wa kompyuta, yenye kasi. Hii ya sasa imechoka."

"Najua. Juzi ujumbe wa kuombea mjamzito gari ulikwama saa nzima, nusura tumpoteze," alijibu Hedwiga. "Lakini kuna wenye redio wanaotusikiliza, siri ya Mzee Elifasi imevuja. Leta kadi."

Naisiae aliacha kufagia. Akisema, angewapoteza marafiki pekee aliowapata. Akinyamaza, ingeletwa kadi, na mama mwingine angekwama. Machozi yakamtoka.

"Mama, haikuvuja redioni. Ni mimi. Nilimwambia Rahabu."

"Umeniangusha, mwanangu," alisema nesi. Kisha akamgeukia fundi. "Leta prosesa."

Jioni Naisiae na nesi walikwenda kwa Mzee Elifasi.

"Shikamoo, babu. Mimi ndiye niliyesema. Nisamehe."

"Marahaba." Mzee alimtazama sana. "Nilidhani ni nesi. Ndiyo maana sikurudi kwake. Kesho nitakuja kunywa dawa."

Naye alikuja. Prosesa ilifungwa, na ujumbe ukaanza kufika kwa dakika chache. Lakini shuleni Rahabu na wenzake walimnunia Naisiae kwa kumtaja Rahabu. Nyumbani alilia waziwazi.

Hedwiga alimvuta karibu. "Upweke ni mgumu, najua, na huu utakuuma siku nyingi. Lakini siri ya mgonjwa si yako ya kununulia marafiki. Ujumbe fundi anaweza kuufunga. Mdomo, mwanangu, utaufunga mwenyewe."